Koti la Shujaa

Kifungo cha sita hakukichora yeye. Mchoraji wa mavazi alikuwa na hakika, kwani siku zote alishikilia jambo moja: shujaa wa kiume wa katuni za anime asijaziwe vifungo, maana kila kifungo wenzake watakichora upya mara elfu. Mabega mapana, kola ndefu, koti jeusi la kupepea akikimbia, vifungo vitano, basi. Asubuhi ile kwenye skrini vilikuwa sita, na cha sita kilikuwa na rangi ya ukucha.

"Umegusa faili langu?" alimuuliza Miwani, mpaka rangi wa katuni waliyefanya naye kazi chumba kimoja.

"Mimi? Na hasira zako hizo, nithubutu?"

Wakacheka. Akakifuta.

Koti halisi la kuigia alilinunua kwenye mitumba wiki iliyopita, akalivisha sanamu la kupimia nguo la fundi cherehani pembeni ya meza ili aone mikunjo inavyoanguka. Jua la saa nne lilipoingia dirishani, harufu ikaanza, kama nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki. Miwani akakagua pipa la taka, akakagua viatu vyake, kisha akaziba pua.

"Dada, ni koti lako."

Mchoraji akatia mkono ndani ya bitana. Ilikuwa na unyevu wa vuguvugu, na vidole vilipotoka vilivuta utelezi wa njano mrefu kama makamasi. Akakimbilia chooni, akatapika chai yote.

Aliporudi akakuta Miwani ameganda ukutani akiitazama skrini, ambako lile koti jeusi lilikuwa limeota vinyweleo, vimelala kwa jasho, na chini yake ngozi yenye vipele vya usaha, na kola ikipanda na kushuka polepole kama koo la mtu anayemeza kitu kisichotaka kushuka.

"Zima," alinong'ona mchoraji.

"Nilizima ulipokwenda chooni."

Wakamwita shangazi yake mchoraji, mtoa majini. Alifika kabla ya adhuhuri, akasimama mbele ya sanamu, leso puani.

"Unataka nini?"

Sauti ikatoka ndani ya kola, nzito, imejaa mate. "Nguo."

"Si umevaa?"

"Hii imeoza. Nataka kama aliyovaa huyo binti."

Mchoraji akaishika blauzi yake.

"Si blauzi," ilisema sauti.

Mchoraji akaiachia, akaitazama ngozi ya mikono yake. Shangazi akamdaka mkono. "Umempa mabega, mwanangu, umempa na shingo. Ndipo alipopata pa kukaa. Mvue."

Miezi sita ya kazi! Shujaa wa kwanza kukabidhiwa yeye, mwanamke pekee kwenye kikosi. Alilia huku anafuta: kola, mikono, mabega, uso, na kwa kila alichofuta koti pale kwenye sanamu lilinywea na kudondosha maji mazito sakafuni, yenye vipande vyeupe ambavyo hakuna aliyetaka kujua ni vya nini, na shangazi akasoma dua kwa sauti ya juu mpaka matone yakakoma. Wakalichoma uani. Harufu ikakatika ghafla, hewa ikawa hewa.

Mchoraji alikuwa bado anasugua mikono kwa sabuni, ngozi imekuwa nyekundu, Miwani aliposema kwa sauti ndogo, "Shangazi, na zile nakala?"

"Nakala gani?"

"Jana niliwatumia mchoro wachoraji wote. Kumi na wawili."

Mchoraji akanyakua simu kwa mikono yenye povu. Wa kwanza alimcheka, lakini akafuta. Wa pili akafuta. Wa tatu akasema kweli, kuna kitu kinanuka hapa, akafuta.

Wa nne alipokea. Ilisikika kama mtu anatapika, kisha kitu kikachanika kama kitambaa kizito kinachopasuliwa polepole. Halafu ile sauti yenye mate, imeridhika:

"Hii imenikaa vizuri."