Pipa Lililofunikwa

Ukumbi wa chini wa jengo lile ulifurika watu, na lifti ilikuwa mbovu. Mshonaji alisimama na gauni la harusi mikononi, jeupe, refu, akiliinua lisiguse sakafu. Kijana mwenye ovaroli ya buluu, grisi hadi kidevuni, akamsogelea.

"Dada, gauni lako hilo?"

"La bibi harusi, ghorofa ya nane."

"Afadhali! Nilishaanza kumwonea wivu bwana harusi."

"Nawa mikono kwanza, wivu utafuata."

Sauti ikapaa kutoka shimo la lifti: "Wewe! Huyo dada yangu, mwache apite!" Alikuwa kaka wa mshonaji, fundi mwenzake na kijana yule. Wakacheka wote watatu. Kijana akanawa mpaka viwiko, akalibeba gauni kwa ngazi hadi juu, na alipolitua alishapata namba ya simu. Kabla mwaka haujageuka, wakachumbiana.

Mafundi wa lifti wana sheria yao: anayezima umeme hufunga swichi kwa kufuli lake, ufunguo ukae mfukoni mwake, asije mtu akauwasha huku mwenzake akiwa shimoni. Asubuhi moja kaka alikuwa ameshaingia shimoni, na kijana yule ameshusha swichi, kufuli bado mkononi, mchumba wake akampigia simu.

"Malkia, subiri kidogo nifunge kufuli."

"Subiri zako nazijua! Ukinikata tena, nanuna."

"Haya, sema, roho yangu." Akasogea dirishani kutafuta mtandao.

Mlinzi, aliyechoshwa na malalamiko ya wapangaji, akaikuta swichi haina kufuli. Akaipandisha.

Mshonaji alikisikia kishindo kupitia simu.

Baada ya mazishi alimwambia fundi maneno machache tu: "Umeniulia kaka yangu. Usinitafute." Fundi hakujitetea. Mbele ya wachunguzi alisema, "Nilisahau kufunga," akafukuzwa kazi. Habari za simu hakuzigusa. Mshonaji naye akanyamaza, na ukimya ule ukamla kama mchwa. Kanisani aliomba kwa machozi asamehewe, lakini sala ilipofika kwenye kuwasamehe waliotukosea, midomo ikaganda.

Mama yake alikuwa akimtazama. Walipofika nyumbani akamwambia:

"Mwanangu, unaomba mvua huku umelifunika pipa lako. Itaingilia wapi?"

"Mama, yule ameua!"

"Nani kakwambia nimesahau? Niliyemzaa ni mimi. Yule namsamehe kila nikiamka, na kesho yake naanza upya."

"Hujui yote, Mama. Siku ile mimi ndiye niliyempigia. Alitaka kufunga, nikamzuia."

Mama akashika ukingo wa meza.

"Basi sasa mko wawili wa kusamehewa kila asubuhi," alisema, sauti ikikwaruza. "Nenda kamlete."

Fundi alikuwa akiishi chumba cha uani, pazia limefungwa mchana kweupe. Alikonda hata macho yakaingia ndani. Alipomwona mshonaji mlangoni, akasimama kama mshitakiwa.

"Kwa nini hukuwaambia wachunguzi kwamba ni mimi niliyepiga?"

"Ingemrudisha kaka?"

"Ungekuwa na wa kumlaumu."

"Nilikulaumu, usidhani mimi malaika. Siku ya mazishi nilikuona umeshikiliwa usianguke kaburini. Nikaacha."

Mshonaji akalia kwa kwikwi. Msamaha aliokuwa akiuomba mbinguni kwa miezi, sehemu yake ilikuwa humu, amepewa kabla ya kuomba, na yeye wake aliufungia.

"Nimekusamehe," alisema. "Bado inauma. Nikisikia lifti, natapika. Lakini nimekusamehe."

Fundi akafunika uso kwa mikono yake mikavu, isiyo na grisi.

"Na sisi?"

"Sijui. Usiniulize leo. Mama anakuita nyumbani."

"Nitamtazamaje?"

"Utamtazama hivyo hivyo. Mimi nitakaa pembeni yako."

Fundi akavaa shati kwa haraka, akashika mlango.

"Umeligeuza," mshonaji alisema taratibu. "Mishono iko nje."

Hakuna aliyecheka. Mshonaji akatoka uani, akamngoja alivae upya.