Sekela na Maharage Yaliyolala Majini

Sekela alikaa na baba na mama huko Tukuyu, mahali penye mvua nyingi na migomba mingi.

Sekela alipenda sana maharage. Aliyapenda kuliko ndizi. Aliyapenda kuliko mchicha.

Jioni moja alikula bakuli zima la maharage. Akaomba la pili. Akaomba na la tatu.
Ndizi akaziacha. Mchicha akauacha.

Alipopanda kitandani, tumbo likaanza kusema.
Guru, guru, guru.

Tumbo lilijaa kama mpira. Lilimuuma. Mama akaja, akamsugua tumbo pole pole mpaka akapata usingizi.

Asubuhi Sekela aliwaambia wazazi wake kwamba hatakula tena maharage. Lakini alikuwa anayapenda bado.

Kwa nini kitu kitamu kinaumiza tumbo?
Sekela akataka kujua.

Jioni baba alimwaga maharage makavu kwenye sufuria. Ka-ka-ka-ka-ka. Akayatia maji, akafunika. Alisema anayalaza majini.

Kwa nini maharage yalale majini?
Sekela akataka kujua.

"Kila harage ni mbegu," baba alisema. "Linataka kuota, halitaki kuliwa. Basi linashikilia chakula chake ndani, kama mtu aliyekunja ngumi."

Sekela akakunja ngumi. Akaikaza. Mama akajaribu kuifungua, akashindwa.

Baba akamweleza kwamba maji hulilegeza harage. Moto hulilegeza zaidi. Lakini hata likiiva, bado hubana kidogo.

"Tumbo lako linaweza kufungua ngumi chache," baba alisema. "Zikiwa nyingi mno, linachoka."

Kulipokucha, Sekela alikimbia jikoni bila viatu. Akafunua sufuria.

Maharage yalikuwa yamevimba. Mengine yamekunjamana ngozi. Maji yamekuwa na rangi kama chai.

Baba akayamwaga maji yale, akatia mengine. Akabandika sufuria jikoni.
Toko, toko, toko.

Yameiva?
Sekela akataka kujua.

Baba akampa harage moja alibonye. Lilikuwa gumu. Wakasubiri.
Toko, toko, toko.

Sekela akamsaidia mama kumenya ndizi. Akachambua mchicha. Sufuria bado inachemka.
Toko, toko, toko.

Baba akampa harage jingine. Sekela akalibonya. Pwa. Likapondeka lote.

Chakula kikaandaliwa. Sekela akayatazama maharage, asiyaguse.

"Yakiniumiza tena je?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Leo kula kidogo," mama alisema. "Ndizi na mchicha vitakushibisha."

Sekela akachukua upawa mmoja tu. Akatafuna taratibu. Yalikuwa matamu kama siku zote.

Akaitazama sufuria. Alitamani mengine. Akavuta ndizi. Akala na mchicha. Akashiba.

Usiku baba alikuja kumfunika shuka, akaketi kitandani. Sekela akaweka mkono juu ya tumbo.

Tumbo lilikuwa kimya.

"Baba, karanga nazo ni mbegu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na mahindi?"

"Ndiyo."

"Na mbaazi?"

Baba alikuwa amesinzia palepale, kichwa ukutani.

Sekela akamgawia nusu ya shuka. Hilo la mbaazi atauliza kesho. Akafumba macho, akalala.