Kipimo cha Evelina

Ngosha alikuwa akinywa uji nyumbani Kiseke kabla ya kwenda Mabatini, kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti. Teodora, mhudumu wa afya wa mtaa, akapiga hodi. Alishika vikopo viwili.

"Shikamoo Baba Annet, shikamoo Mama Annet."

"Marahaba, mwanangu. Vya nini hivyo?" aliuliza Evelina, mke wa Ngosha.

"Vya kuwekea choo kidogo. Nyote mmepita miaka arobaini na mitano. Tunapima damu isiyoonekana kwa macho. Ikiwepo, huenda kuna tatizo kwenye utumbo mpana, hata saratani."

Ngosha alicheka. "Nitembee na kinyesi changu? Mimi mzima, nanyanyua vyuma kutwa!"

Kopo lake akalitia misumari. Evelina alipeleka la kwake.

Wiki iliyofuata Teodora alileta majibu. Kulikuwa na damu.

"Mbona siumwi popote?" Evelina alisema.

"Tatizo likianza, mara nyingi haliumi, mama. Na damu si lazima iwe saratani. Lakini lazima tujue. Daktari atapitisha mpira mwembamba wenye kamera kwa njia ya haja kubwa. Utapewa dawa usisikie maumivu."

Ngosha hakucheka tena. "Nitaenda naye," alisema.

Evelina alikunywa dawa ya kusafisha tumbo, akashinda chooni. Siku ya kipimo, Ngosha alikaa kwenye benchi la hospitali akijifuta jasho. Hatimaye daktari alitoka.

"Tumekuta kinyama kidogo kimeota kwenye utumbo, tumekiondoa hapo hapo. Kinaenda maabara."

Walisubiri siku kumi. Kisha daktari akawaita.

"Si saratani! Tungekiacha, kingeweza kugeuka saratani baada ya miaka. Mama, utarudi tukuangalie tena."

Evelina alipiga vigelegele mpaka manesi wakachungulia. Ngosha akamkumbatia mbele za watu. Hakuwa amewahi kufanya hivyo.

Jumatatu, Teodora alipita Mabatini na mkoba wake wa vikopo. Ngosha alizima mashine.

"Teodora! Nipe kopo jingine!"

"La nini, fundi?" mteja aliuliza.

"La choo! Kipimo hiki kimemwokoa mke wangu. Sasa zamu yangu!"

Watu walitazamana. Chenge, muuza rangi wa duka la jirani, akavuka barabara mbio.

"Nina miaka hamsini. Nipe na mimi! Na la kaka yangu!"

Saa sita haijafika, mkoba wa Teodora ulikuwa mtupu.