Chuma cha Oralia Bustos

Shemeji yangu Verlin sikumpenda hata siku moja, msije mkadhani namlilia. Lakini yaliyompata niliyaona kwa macho yangu, na mdogo wangu Twyla, mkewe, ni shahidi.

Tulikuwa kambini Deming, New Mexico, sisi wastaafu tunaoishi ndani ya magari, jiko humo humo, kitanda humo humo. Jumamosi asubuhi Twyla alikuwa anapika chapati za maji. Verlin yuko chini ya gari na spana, anaimba. Alikuwa anafunga kidhibiti cha usukani, chuma kinachofanana na shokamzoba, kinachozuia gari lisiyumbe upepo ukipiga ubavuni. Na upepo wa kwetu si wa mchezo.

"Nimekipata skrepa," akasema akitoka, kajaa grisi. "Kimetoka kwenye kigari cha rangi ya maziwa kilichopinduka njia ya Lordsburg. Mwenyewe hakihitaji tena, au siyo, shemeji?"

Akacheka. Twyla akaacha kugeuza chapati, ikaungua.

Baadaye akaninong'oneza yote. Mwaka jana upepo uliwahamisha njia, wakakisukuma kigari hicho nje ya barabara. Akafa mama mmoja, Oralia Bustos. Verlin hakusimama. "Kila nikisema tukaripoti, dada, ananiambia nifunge mdomo." Nilikasirika.

Kambini kwetu, mtu akifunga kifaa kipya lazima apakie watu, afike kwenye barabara iliyonyooka, aachie usukani, wote wamwone. Verlin hakuwa wa kuikosa sifa hiyo. Nikapanda ili mdogo wangu asiwe peke yake naye.

"Mnaona?" akasema, mikono juu. Lori kubwa likatupita. Gari halikutikisika.

"Shika usukani, Verlin."

"Tulia, mama. Linajua njia."

Usukani ukageuka. Kulia. Taratibu.

Verlin akaudaka. Ukamshinda. Akakanyaga breki, ikazama mpaka chini. Tukatoka kwenye lami. Vumbi. Sahani zikamwagika kabatini. Kisha gari likasimama lenyewe, kwa upole. Mbele ya kioo kulikuwa na msalaba mweupe wa kando ya barabara, wenye jina la Oralia na maua ya plastiki. Msalaba mmoja tu. Nilitazama vizuri.

Twyla akanong'ona, "Kiri. Twende polisi sasa hivi, labda atakuachia."

"Nani, mfu? Mfu hana leseni."

Nyuma yetu, kwenye kitanda kitupu, mtu akashusha pumzi. Tulimsikia wote.

Twyla akafungua mlango akashuka. Nikamfuata. "Shuka, mume wangu, nakuomba," akasema, analia. Verlin akatuangalia kama wajinga, akawasha gari, akarudi barabarani akatuacha pale jangwani. Moyoni nikasema, nenda na usirudi.

Akarudi. Gari lilikuwa limekwisha kuwa dogo kule mbali, likakata kona mchangani, likaja. Lilikuja kwa kasi. Limenyooka. Halikuyumba hata kidogo. Verlin nilimwona kitini, mikono yote miwili anapiga kioo. Usukani haukuwa na mtu. Likatupita hatua chache, likapinduka kando ya msalaba. Hata ua moja halikuguswa.

Verlin alikuwa amekufa, mkanda umemkaza mpaka nikashindwa kuufungua. Sikumhurumia. Nilimhurumia Twyla, aliyekaa chini mchangani amemshika mkono.

Twyla alikwenda polisi akaeleza yote, hata ya kunyamaza kwake. Siku za baridi zilipopungua tukaenda Lordsburg kwa mtoto wa marehemu, Fidel, kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatumiminia kahawa. Mtu mpole. Alimsikiliza mdogo wangu mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Verlin Stroud," akasema polepole. "Kumbe ndiye mumeo."

"Polisi walikutajia?" nikamuuliza.

"Hapana. Siku tulipokwenda kuusimamisha msalaba wa mama, mwaka jana, wa huyo Verlin tuliukuta pale tayari, na jina lake. Mbao zimepauka kwa jua. Tukadhani ni mtu wa zamani, tukamwekea maua na yeye."