Sakafu Iliyonyamazishwa

Mafundi wa injini wamejaa kila kona, lakini fundi wa kelele alikuwa mmoja tu, na watu walimwita Masikio. Gari likilia mahali pasipojulikana, mwenyewe kashakonda kwa hasira, analetewa yeye. Anafumba macho, anasikiliza, anasema: ni bawaba ya kabati. Na kweli ni bawaba. Kwa hiyo dada yake mdogo alipomwita jioni ile, jua linazama, aje amnyamazishie gari-nyumba lake, Masikio alibeba bisibisi, chaki, mshumaa na vipande vya mpira wa tyubu, akaenda huku anapiga mluzi. Kazi ya saa moja, alijisemea.

Dada huyo alikuwa mkunga. Kesho yake alikuwa anaanza safari ya miezi mitatu kwenye zahanati za mbali, yeye na binti yake wa miaka minne, Kidoti, na gari hilo ndilo lingekuwa nyumba yao: kitanda, jiko, kabati, vyote humo ndani. Walikuwa wameanza kulala humo mapema ili mtoto azoee. Hakuzoea. Huu ulikuwa usiku wa tisa. Kila akisinzia, sakafu inalia, naye anashtuka. Macho yalishamwingia ndani, chakula hataki.

Masikio akauliza baba mtu anasemaje. Dada akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. Mumewe, ambaye ndiye aliyelinunua gari kwa mzee mmoja, alikuwa amekataa katakata lisiguswe. Sababu hataji. Usiku anakaa macho kwenye kiti cha dereva, anasikiliza tu. Na leo kaondoka na lori lake tangu alfajiri, hakusema aendako.

Masikio hakuwahi kumpenda huyo shemeji. Mtu asiyecheka utani wa shemeji yake, alikuwa akisema, ana jambo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kazi ikaanza. Masikio alikuwa na namna yake: yeye analala chali nyuma, mwingine anaendesha polepole, na mlio ukitokea anapiga alama ya chaki. Dada alizunguka uwanja mara tatu. Bawaba ya kabati ikapakwa nta ya mshumaa. Droo ya vijiko ikawekewa mpira. Mlango wa choo nao ukanyamaza.

Zikabaki mbao za sakafu.

Alipofunua zulia, alikuta skrubu nne zimelegea. Lakini si kulegea kwa mtikisiko. Mtikisiko hulegeza ovyo. Hizi zilikuwa zimelegezwa kwa mkono, mizunguko miwili miwili, zimepangana kutoka mlangoni hadi miguuni pa kitanda cha mtoto. Kati ya moja na nyingine ni hatua moja ya mtu mzima.

Akamuuliza dada nani kashika bisibisi humu.

"Ni yeye," dada alinong'ona. "Nilimwona."

Basi, Masikio akachemka. Baba mzima anamnyima mwanawe usingizi kwa makusudi! Anataka mke akate tamaa asiende kazini, au ana mambo yake mengine? Akamwambia dada azime gari, akamwogeshe mtoto nje, yeye amalize.

Akakaza skrubu ya mlangoni. Kimya.

Kisha...

Kwiii.

Ya pili. Karibu na jiko.

Gari limezimwa. Dada na mtoto wako nje kwenye beseni, maji yanasikika. Masikio mwenyewe kapiga magoti, hajasogea hata kidogo. Akajiambia chuma kikipoa hulia, kila fundi analijua hilo. Akakaza ya pili.

Kwiii...

Ya tatu. Ubavuni pake kabisa. Ikaja na harufu, ya nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo.

Nywele zilimsimama. Lakini hasira yake kwa shemeji ilikuwa kubwa kuliko woga, na hasira haijawahi kuwa fundi mzuri. Akakaza ya tatu, mkono unateleza kwa jasho.

Kwiii.

Miguuni pa kitanda.

Ya nne aliikaza kwa nguvu zake zote, nusura aiharibu kichwa. Akasubiri. Hakuna kitu. Dada akapanda, akatembea, akarukaruka, sakafu kimya kama maji mtungini. Machozi ya furaha yalimtoka, akamwombea kaka yake maisha marefu. Akamlaza Kidoti, naye akajinyoosha pembeni yake. Hazikupita dakika tano, wote wawili wamelala.

Masikio alikuwa nje anafuta bisibisi yake lori lilipofika. Shemeji aliruka chini bila hata kuzima taa, vumbi mpaka kwenye kope. Masikio akajiandaa kumpa vidonge vyake.

"Shemeji, ulichokilegeza nimekikaza."

"Zipi?"

"Zote nne."

Shemeji aliketi chini palepale. Akaeleza haraka, kwa kunong'ona. Yule mzee alimuuzia gari kwa sharti moja, sakafu isikazwe. Humo mna mpangaji, alisema, hana neno, ilimradi ujue aliko. Shemeji alicheka. Usiku wa kwanza tu kicheko kikamwisha. Kinaingilia mlangoni, kinakwenda hatua moja moja kuelekea kwa mtoto. Ukikohoa, kinarudi. Ndiyo maana alizilegeza zaidi, hatua zisikike vizuri. Ndiyo maana halali. Leo alikwenda kumtafuta mzee aje achukue kilicho chake, akakuta nyumba tupu, milango wazi.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeniamini?"

Masikio asingemwamini hata kama angesema jua limezama.

Hapo gari likainama. Kidogo tu, upande wa mlango, vile linavyoinama mtu akipanda.

Hakuna aliyepanda.

Hakuna kilicholia.

Sauti ya dada ikatoka dirishani, nzito kwa usingizi. "Baba Kidoti, pita taratibu... utamwamsha mtoto."

Shemeji akakohoa.

Wakasikiliza. Masikio alifumba macho, akatega sikio kama anavyotega kazini, na kwa mara ya kwanza maishani hakuambulia kitu. Kinarudi? Kinakwenda?

Shemeji akakohoa tena, mpaka koo likamkwaruza. Kisha wote wawili walikimbilia garini, wakawatoa mama na mtoto, pamoja na mashuka. Kidoti alikuwa mzima, amelala fofofo. Ila shuka lilikuwa limelowa upande wa miguuni, linanuka nguo mbichi.

Safari ilivunjika. Masikio alizilegeza skrubu zote, akakwangua nta, akang'oa mipira. Gari halikulia tena. Linaozea uani hadi leo, na familia imerudi kulala nyumbani. Kila jioni mjomba anapita, anajifanya kaja kumsalimia mpwa wake, lakini dada keshamfuma kalaza sikio chini. Shemeji anakohoa usiku kucha.

Kidoti siku hizi analala. Analala sana. Na sakafu ya nyumba yao ni ya saruji, haimlilii yeyote anayeikanyaga.