Uzi wa Kupimia Mkono

Jua lilikuwa linazama nilipotumwa kununua upinde.

Mjomba ndiye aliyenituma. Jumamosi alikuwa anampeleka mdogo wangu kuwinda kwa mara ya kwanza, na upinde wa kuwindia hauazimwi. Mdogo wangu ana miaka kumi na minne. Tangu mama afariki, mimi ndiye mama yake.

"Chagua mwepesi," mjomba alisema. "Auvute hadi shavuni mara tatu bila kutetemeka. Wa bei kubwa wa nini? Bado anaanza. Na umpelekee fundi urefu wa mkono wake."

Hakusema zaidi. Hilo sijamsamehe.

Nilichomoa uzi mwekundu kwenye pindo la mbeleko ya mtoto wangu. Nikampima mdogo wangu mkono wa kulia, kuanzia katikati ya kifua hadi ncha ya kidole, nikaukata hapo. Alicheka, akapiga vidole vitatu pajani, ta-ta-ta, kama afanyavyo akifurahi.

Karakana ya fundi ilinuka maranda, gundi na mafuta ya mnyama. Na kitu kingine... kama shuka la mgonjwa.

Pinde mbili nzuri zilitundikwa ukutani. Bei zake zilinifunga mdomo. Wa tatu ulikuwa kwenye kona, mfupi, mwepesi, mshikio wake umelainishwa na kiganja kidogo.

"Huo nakupa kwa robo ya bei," fundi alisema. "Ulikuwa wa binti yangu. Hawezi tena kuuvuta. Nauwekea ugwe mpya tu. Lete kipimo."

Nikampa. Akaketi, akaanza kusokota kano za mnyama ziwe ugwe, ile kamba ya upinde. Katikati ya kano niliona chekundu kikipita.

Uzi wangu.

Nilitaka kuuliza. Nikaanza kuhesabu pesa badala yake. Ndivyo nilivyo. Hata nikipunjwa sokoni hunyamaza, nikaja kugomba nyumbani na masufuria. Rahisi ni ghali, methali hiyo naijua tangu darasa la pili. Nililipa hivyo hivyo.

Fundi akafunga ugwe, akaupiga kwa kidole.

Ting.

Nyuma ya pazia mtu alivuta pumzi. Sauti ya msichana ikanong'ona, "Baba... mkono umenyanyuka."

"Haya mama, kwaheri," fundi akasema haraka, akanisukumia upinde.

Kesho yake mdogo wangu aliuvuta upinde kama aliyezaliwa nao. Mjomba akatania, "Swala waanze kuhama." Tukacheka. Kisha jioni ikaingia. Upinde ulikuwa ukutani, hakuna aliyeugusa.

Ting.

Mwiko ulimponyoka mdogo wangu. Mkono wake wa kulia ukaning'inia kama nguo mbichi kwenye kamba. Nikaushika. Ulikuwa wa baridi.

"Dada," alisema polepole, "mkono wangu uko wapi?"

Mjomba alichokonoa ugwe kwa ncha ya kisu. Alipoona chekundu, alikaa chini.

"Hukumdai fundi uzi wako?"

"Niudai wa nini?"

"Kipimo hurudishwa, mwanangu. Unakichoma mwenyewe, fundi akiona. Kila mwindaji anajua."

"Mimi ni mwindaji, mjomba?"

Nikanyakua kisu. Akanishika kifundo cha mkono. "Usikate. Ukiukata, na mkono umekwenda. Uzi huo hutoka tu kama kuna mwingine wa kukaa mahali pake."

Nilirudi karakanani, upinde begani, mtoto mgongoni. Binti wa fundi alikuwa karibu na mlango, mwembamba, akipiga ubao randa kwa mkono wa kulia. Nilipompita alitua randa, akapiga vidole vitatu pajani.

Ta-ta-ta.

Damu ilinipanda kichwani.

"Rudisha," nilimwambia fundi.

"Binti yangu kalala miezi saba, mkono umekufa. Ungekuwa wewe?"

"Ningelia. Nisingeiba."

"Kuiba? Umenipa mwenyewe." Akatabasamu. "Nilikuona ulivyoingia umeinamisha kichwa. Nikasema moyoni, huyu hataniuliza kitu."

Nilihisi mbeleko ikivutwa mgongoni. Nikadhani ni mtoto.

"Sasa toka," fundi akasema, akanyoosha mkono kunionyesha mlango. Ulinyooka vizuri, toka kifuani hadi ncha ya kidole.

Nilichomoa uzi wa pili kwenye pindo. Nikaulaza juu ya mkono wake, taratibu, kama fundi cherehani. Hakuelewa upesi. Alipoelewa, nilikuwa nimeshaukata kwa meno.

Nyumbani nilifumua ugwe, nikautoa uzi wa mdogo wangu, nikausokota upya na uzi wa fundi ndani. Nimesuka nywele za mdogo wangu miaka tisa, vidole vyangu havihitaji kufundishwa. Nikaupiga.

Ting.

Mkono ukarudi. Anapika, anaandika, anavuta upinde. Ila siku hizi anachonga mbao, kazi ambayo hakuna aliyemfundisha, na kiganja chake kinanuka gundi. Simwulizi. Fundi, wanasema, anakula kwa kushoto. Sijuti. Nikikumbuka lile tabasamu lake, natamani ningempima na mkono wa pili.

Jana jioni nilisikia hodi. Binti wa fundi alisimama mlangoni, ameinamisha kichwa kwa haya, kama mimi.

"Dada, karakana sasa ni yangu," alinong'ona. Akamtazama mtoto wangu aliyelala juu ya mbeleko. "Huyu naye akikua atataka upinde. Nitamwekea mwepesi."

Akapiga vidole vitatu pajani, akaenda zake.

Nilifunga mlango. Nikamwinua mtoto, nikaikunjua mbeleko kwenye mwanga wa taa. Pindo lilikuwa limepungua nyuzi tatu.

Mimi nilichomoa mbili.