Saa ya Mjane wa Makadara

Jua lilikuwa linazama Celine Aoko alipotoka nyumbani kwao Mbotela kwenda kutafuta spea ya saa.

Haikuwa saa ya kifahari. Ilikuwa ya marehemu baba yake, mtu wa reli, saa ya zamani ya kuzungushwa ufunguo kila asubuhi. Tangu mzee azikwe, mama yake, Norah, alikuwa akilala ameiweka sikioni. Mlio ule ndio uliokuwa dawa yake. Sasa saa ilikuwa imenyamaza, na mama hakulala tena. Alikuwa akiita jina la mumewe hadi sauti inamkauka, na chakula alikuwa ameanza kukikataa.

Ndung'u, fundi wa saa mwenye kibanda kando ya Jogoo Road, alikuwa ameshaona ugonjwa. Kile kigurudumu kinachocheza huku na huku kilikuwa kimevunjika ekseli, kijiti chembamba kama unywele. Alikitafuta mjini, akaulizia mpaka Kariokor. Hakuna.

"Hizi hazitengenezwi tena, siste," alimwambia. "Labda tuchinje nyingine ya aina hii, tutoe kijiti chake." Akasita. "Kuna mjane hapo Makadara anayo. Aliniletea niichukue bure. Nikakataa."

"Fundi mzima unakataa saa ya bure?"

"Mikono yangu ndiyo iliyokataa."

Akamwelekeza nyumba.

Mlango ulifunguliwa kabla Celine hajamaliza kupiga hodi. Lydiah, yule mjane, alikuwa mama aliyekonda, leso kichwani, macho ya mtu asiyejua usingizi. Nyuma yake ilitoka harufu... grisi. Grisi na udongo mbichi.

"Habari ya jioni, mama. Nimetumwa na Ndung'u, kuhusu saa."

Mjane aliitoa saa mfukoni mwa aproni. Ilikuwa inatembea.

"Ilikuwa ya Zedekiah wangu," alinong'ona. "Ichukue, mwanangu."

"Lakini ni nzima, mama. Sisi tunataka kitu kimoja tu cha ndani."

"Hata hicho kimoja kinatosha. Ataenda nacho."

"Nani?"

Lydiah aliufumba mkono wa Celine juu ya ile saa.

"Nenda. Nenda kabla hajamaliza kula."

Ndani, kijiko kiligonga sahani.

Mezani hapakuwa na mtu.

Celine alitembea mbio bila kugeuka. Angeweza kuitupa mtaroni. Lakini masikioni mwake ilikuwa ikilia ile sauti ya mama iliyokauka, akaipeleka kwa fundi.

Ndung'u alipofungua kifuniko, udongo mwekundu ulimwagika mezani. Ulikuwa na unyevu, kana kwamba umechimbwa leo.

"Siste... turudishe."

"Mama yangu hali chakula, Ndung'u."

Fundi alimtazama, akashusha pumzi, akachukua koleo yake ndogo.

Usiku huo saa ya baba ilitembea, na mama akalala kama mtoto aliyeshiba. Celine alilia kwa furaha.

Siku zilizofuata mama alikula, akanenepa mashavu. Akaanza kucheka peke yake. Halafu Celine akaona kwamba siku hizi mama analala amejibana ukutani, upande wa pili wa kitanda ameuacha wazi. Shuka la upande huo lilikuwa na madoa.

Grisi.

"Mama, ni nani hulala hapa?"

"Mtu mpole sana," Norah alisema akitabasamu. "Si baba yako."

Celine aliinyakua saa. Mama akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo mgonjwa hana.

"Mwache! Tangu baba yako aende, nani amekaa na mimi? Wewe?"

Maneno yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Hata hivyo alisubiri mama aingie kuoga, akaichukua. Ndung'u aliitoa ile spea bila kuuliza, akairudisha kwenye saa ya Zedekiah. Celine akaikimbiza Makadara.

Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani mmoja, mama aliyekuwa akianua nguo, alimwambia kwamba Lydiah alihama jioni ile ile alipopata mgeni. Aliondoka akiimba.

"Mumewe alikuwa mtu mbaya?" Celine aliuliza.

"Zedekiah, yule makanika? Mtu mzuri ajabu. Hakupenda tu kukaa peke yake." Jirani akapunguza sauti. "Tulimzika na saa yake mkononi, niliiona kwa macho yangu. Haikupita wiki, ikawa iko juu ya kabati la Lydiah. Sasa wewe umeitoa wapi?"

Celine aliiweka saa kizingitini, akaondoka.

Alirudi nyumbani giza likianza kuingia, akitarajia kilio. Alimkuta mama ameketi kitandani, ametulia, anachana nywele.

"Mama, ile saa ya Makadara nimeirudisha kwa wenyewe. Spea pia. Yameisha."

"Saa ya nini tena?" Norah aliendelea kuchana. "Si njia ameshaijua."

Harufu ilikuwa imejaa chumba kizima. Godoro, upande ule wazi, lilididimia polepole... kama mtu anayeketi bila haraka.

Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza. Kisha akamgeukia bintiye.

"Anauliza, Celine, mbona chumba chako huwa unakifunga?"